Bastola chini ya mto, kwa nyumba zetu hizi za Ngamiani, Tanga?

Wakuu, kwema? Mtaani kwetu wezi wamevunja nyumba tatu ndani ya wiki mbili. Jirani yangu, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anataka kuomba kibali cha bastola. Kaniuliza mimi kwa kuwa ninayo. Nikamwambia asinunue, kanuna. Nisikilizeni kabla hamjanirarua.

Sheria haimzuii. Ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka uwe na miaka 25 na cheti cha ujuzi, na mzee wangu ana sabini kasoro. Kikwazo ni nyumba. Korido katikati, vyumba sita, huku mpangaji na kichanga, huku bibi. Risasi ya milimita 9 inapita mlango wa mbao na dari ya jipsamu kama karatasi. Ukikosa mwizi, umempata nani?

Mwaka jana, saa nane usiku, nikasikia geti linasukumwa, kisha hatua uani. Nikafungua sefu. Magazini, kile kikasha cha risasi, ikagonga pembeni ya tundu lake kwenye mpini mara mbili ndipo ikaingia, mikono inatetemeka. Kuwasha taa, ni mtoto wa dada, basi lao la Lushoto liliwafia Korogwe. Kidole changu kilikuwa kwenye triga. Nilifunzwa kikae nje, ubavuni mwa bastola, hadi uamue kufyatua. Sikumbuki kiliingia saa ngapi.

Na wezi wa huku ni waja leo waondoka leo: simu, betri ya pikipiki, kuku. Kanuni ya Adhabu inataka nguvu ilingane na hatari. Kuku?

Mkulima wa Muheza: Kaka, wewe una majirani wa kupiga yowe. Mimi niko shamba la machungwa, mtu akija na panga hakuna wa kunisikia. Mzee achukue rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka: haina magazini ya kuhangaika nayo, wala haihitaji nguvu za kukoki.

Mtoa hoja: Shambani nakubali, sibishi. Ila rivolva ina risasi tano au sita, na triga yake nzito inavuta mdomo wa silaha pembeni usipoizoea. Kuizoea ni kazi ya kila wiki: unaitoa risasi zote, unaziweka chumba kingine, unakagua tena, ndipo unafyatua kikavu ukilenga ukuta usio na mtu nyuma yake. Halafu shabaha za kweli, mahali panaporuhusiwa, na mwalimu kando. Wangapi wenye vibali tunafanya hivyo? Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa mwaka mzima bila kufyatua hata moja.

Mama wa Sahare: Mnaongea kama nyumba ina baba peke yake. Mume wangu anayo, akisafiri namba ya sefu anasafiri nayo. Tulichofaidi ni taa ya uani, mbwa, na kikundi cha ulinzi shirikishi kinachopita saa saba.

Mkulima wa Muheza: Hiyo sefu mmeifunga ukutani? Binamu yangu walimbebea nzima nzima.

Mtoa hoja: Yangu ina bolti nne kwenye zege. Mama, mbwa mnamlisha nini? Mzee ameanza kuuliza bei.