MMN (wimbi la ubongo linalojitokeza sauti ngeni inaposikika) kwenye saikosisi: kilele kinachelewa, na makundi hayatofautiani

mtahiniwa_ubongo
Wakuu, kwa utafiti wa udaktari napima MMN kwa EEG (kurekodi umeme wa ubongo kwa elektrodi kichwani) kwa watu waliopata saikosisi (kupoteza mguso na uhalisia) mara ya kwanza. Mlio wa kawaida, unaorudiwa, ni 1000 Hz, ms (milisekunde) 50. Mlio mgeni, unaojitokeza mara chache kati yake, ni 1000 Hz, ms 100, asilimia 10 ya milio yote. Mlio mmoja kila ms 500, jumla 1000. Kilele cha wimbi kinatokea ms 200 baada ya mlio kuanza badala ya 150, na wagonjwa hawatofautiani na kundi la ulinganisho. Kosa liko wapi?

mawimbi
Kilele kiko sawa. Milio yote miwili inafanana hadi ms 50, hivyo ubongo hauwezi kugundua ugeni kabla ya hapo. Anza kuhesabu pale mlio mfupi unapokatika, 200 yako itakuwa 150.

Tatizo ni idadi. Una milio migeni 100 tu. Ukiondoa iliyoharibiwa na kupepesa macho na kukaza taya, inayobaki haitoshi kwa wimbi la mikrovolti chache. Piga milio 2000, kama dakika 17, huku mshiriki akitazama filamu isiyo na sauti. Na usipime kilele! Kelele hukiinua kilele, na data za wagonjwa mara nyingi ndizo zenye kelele zaidi, kwa hiyo upungufu unaoutafuta unafunikwa. Chukua wastani wa voltiji katika dirisha la muda ulilopanga kabla ya kuona data.

Fz_Cz
Naongeza kuhusu kutoa wimbi la mlio wa kawaida kutoka la mlio mgeni ili kupata MMN. Mlio wa ms 100 huamsha mwitikio tofauti na wa ms 50 hata pasipo ugeni wowote. Rekodi awamu ya pili iliyogeuzwa, ms 100 ndio wa kawaida, kisha toa ms 100 wa kawaida kutoka ms 100 mgeni. Mlio wa kawaida unaofuata mara tu baada ya mgeni uache nje. Ukiweka elektrodi rejea (ambayo nyingine zote hulinganishwa nayo) puani, wimbi lazima ligeuke kuwa chanya nyuma ya masikio. Lisipogeuka, lina shaka.

mtahiniwa_ubongo
Asanteni. Nibadili nitumie ugeni wa masafa, yaani mlio mgeni utofautiane kwa Hz badala ya muda? Na dawa je?

mawimbi
Usibadili. Kwenye tukio la kwanza, MMN ya masafa hupungua kidogo mno. Ya muda ndiyo huonyesha mapema zaidi. Dawa za saikosisi haziibadilishi sana, ila andika dozi kwa kipimo cha klorpromazini, yaani kila dozi igeuzwe kuwa kiasi chenye nguvu sawa cha dawa hiyo ya saikosisi. Pima usikivu wa kila mshiriki, na uliza sigara ya mwisho alivuta saa ngapi, maana nikotini inaweza kuikuza MMN.

Usisahau ketamini, dawa ya usingizi: ikizuia vipokezi vya NMDA (vinavyopokea glutamati, kemikali ya mawasiliano ya ubongo) kwa mtu asiye mgonjwa, MMN hushuka. Ndiyo maana kipimo hiki kinafaa ikiwa swali lako linahusu glutamati, lakini kushuka kwake peke yake hakuthibitishi kwamba kasoro iko kwenye vipokezi hivyo.