Mama mkwe anakuja Louisville: Conrad-Caldwell, Butchertown au Portland?

Subira_KY
Habari zenu wana jukwaa. Mama mkwe anakuja kwetu hapa Louisville, Kentucky, Marekani, Agosti kutoka Tanga. Ni mwalimu mstaafu wa historia, na majumba ya kale anayapenda kuliko maduka. Magoti yanamsumbua, na mimi kazini nimepewa siku moja tu. Nimpeleke mtaa wa Old Louisville kwenye jumba la Conrad-Caldwell, mtaa wa Butchertown, au mtaa wa Portland kando ya mto Ohio?

SeremalaMkuu
Dada Subira, Conrad-Caldwell, usisite. Mimi ni seremala, nimeingia mle mara tatu na kila mara mwongozaji hunisubiri kwenye ngazi. Nguzo zimechongwa majani na maua, na sakafu imepangwa kwa vipande vya mbao za rangi tofauti, utadhani mkeka. Inama uguse maungio: ukucha haupiti! Jumba lilichorwa na Arthur Loomis, likakamilika 1895 kwa mawe ya chokaa, mali ya Theophile Conrad aliyetajirika kwa biashara ya ngozi. Alipofariki likanunuliwa na familia ya Caldwell, baadaye kanisa likalifanya makao ya wajane kwa miaka mingi. Mimi naamini wale kina mama ndio waliolinusuru, maana jumba lisilo na mtu huoza haraka.

Baba_Amani
Yote kweli, ila kaka umesahau magoti ya mama. Lile jumba lina ghorofa. Dada, piga simu mapema uulize kama anaweza kuishia chini. Akichoka, nje kwenyewe kuna mengi. St. James Court ina chemchemi katikati na taa za gesi zinazowaka mpaka leo. Pale pale ndipo palipofanyika maonyesho makubwa ya 1883 hadi 1887, yakamulikwa kwa taa 4,600 za umeme za mvumbuzi Edison wakati miji mingi haijaona hata balbu moja. Kisha mpitishe Belgravia Court: nyumba zinatazamana, katikati njia ya miguu tu, gari halipiti.

Nyota_Uvira
Kama ni Edison, Butchertown kuna nyumba ndogo ya makumbusho mtaa alikopanga chumba 1866, kijana wa miaka 19 anayefanya kazi ya telegrafu. Haichukui muda.

MwanaPortland
Shikamooni wakubwa. Naomba niutetee mtaa wangu. Majumba ya matajiri ni nusu ya habari za zama zile. Portland ulikuwa mji unaojitegemea, kwa sababu maporomoko ya mto yalizuia mashua na mizigo ikashushwa hapa. Mfereji wa kuyakwepa maporomoko ulipofunguliwa 1830, mashua kubwa bado hazikuenea ndani yake, kwa hiyo kazi ya upakuzi iliendelea. Wafanyakazi waliishi kwenye nyumba za "shotgun": upana chumba kimoja, vyumba vinafuatana hadi uani, bila ukumbi. Ukienda jikoni unapita alikolala mwenzio! Mama wa Tanga aliyezoea nyumba yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku ataona tofauti hiyo mara moja. Na wapo watafiti wanaoifuatilia ramani hiyo ya nyumba kupitia New Orleans na Haiti hadi Afrika Magharibi. Kwa mwalimu wa historia, hapo pana mazungumzo ya jioni nzima.

SeremalaMkuu
Hoja nzito, mdogo wangu. Lakini hizo watu wanaishi, huwezi kumwingiza mgeni. Ataziona barabarani tu.

MwanaPortland
Kweli, kaka. Basi zizungukieni kwa gari, polepole. Magoti nayo yatapumzika.

Subira_KY
Mmenisaidia sana. Asubuhi Conrad-Caldwell, chini tu kama wataruhusu. Mchana Belgravia Court. Jioni Portland kwa gari, na njiani nitamwambia hiyo habari ya Haiti. Butchertown nimeiacha, Nyota unisamehe. Swali la mwisho: karibu na jumba kuna pa kukaa kivulini?

Baba_Amani
Mkitoka mlangoni, Central Park iko ng'ambo ya barabara, ina miti mikubwa na mabenchi. Beba maji ya kutosha. Joto la Agosti hapa lina unyevu, mama atadhani hajaondoka Tanga.