Siki ya balsamiki imenishinda, saladi yote imebaki kwa bakuli

MamaWawili_Nax
Wadau wa jikoni habari zenu. Mimi niko Nakuru, na Jumapili nilikuwa na wageni, mashemeji wametoka Molo, nikasema leo kachumbari ipumzike niwafanyie saladi kama ile nilikula kwa harusi fulani, letasi, karoti, ovakado na nyanya zile ndogo. Nikachukua balsamiki ya bei ya chini kabisa kwa supa, nikachanganya nusu kwa nusu na mafuta ya kupikia, chumvi, nikamwaga yote mapema ndio ishike. Wueh. Mafuta yalikaa juu siki ikaenda chini, letasi zikalala kama zimechemshwa, na ukali ulikuwa mpaka mjomba akafunga jicho moja. Shemeji mkubwa akauliza kwa heshima tu, "na kachumbari haiko?" Sasa naomba kujua, ni chupa mbaya ama ni mimi? Kuna nyingine nimeona ya bei mara tatu, sitaki kuchoma pesa bure.

nyar_kibuye
Pole mamaa 😂 lakini nusu kwa nusu hata ungeagiza Italia yenyewe ingewachoma tu. Anza na vijiko 3 vya mafuta kwa kimoja cha siki, halafu ukionja uone kama unataka siki iongezeke kidogo maana hiyo ya bei ya chini huwa kali na imekosa utamu. Chumvi weka kwa siki kwanza ukoroge mpaka iyeyuke, kwa mafuta haiyeyuki, itabaki mchanga. Halafu mastadi nusu kijiko, hiyo ndio inashikanisha mafuta na siki zisiachane haraka, na asali kidogo. Mimi natumia chupa ya jemu iliyoisha, natia kila kitu nafunga natikisa mpaka inakuwa nzito kama uji mwepesi. Na usionje na kijiko, chovya jani la letasi, kwa kijiko kila kitu ni kali.

Na letasi uliikausha? Ikiwa na maji dresingi, yaani huo mchanganyiko wa mafuta na siki, inateleza yote inaenda chini ya bakuli. Funga kwa kitambaa safi upeperushe nje, watoto wanapenda hiyo kazi. Kumwaga ni wakati watu wameshaketi.

kijiko_cha_mbao
Nimepika hotelini Kisumu miaka kadhaa, wacha niongee juu ya chupa. Balsamiki ya ukweli inatoka Modena na Reggio Emilia huko Italia na ziko aina mbili watu wanachanganya. Ile inaitwa tradizionale ni maji ya zabibu peke yake, yanapikwa yanakaa kwa mapipa ya mbao si chini ya miaka 12, kuna nyingine 25, inauzwa kwa kichupa cha mililita 100 na bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Hiyo hata usiitie kwa dresingi, ni ya kudondosha matone juu ya chakula. Ya kwetu sisi ni ile imeandikwa Aceto Balsamico di Modena na ina muhuri wa IGP, ule wa Ulaya wa kuonyesha chakula kimetoka eneo lake, hiyo ni maji ya zabibu yamechanganywa na siki ya divai, inakaa kwa mbao angalau siku 60. Geuza chupa usome nyuma: kama zabibu ndio zimetajwa kwanza itakuwa tamu na nzito, kama siki ya divai ndio ya kwanza itakuwa nyepesi na kali. Bei mara tatu haimaanishi chochote kama hujasoma hapo.

Hiyo uko nayo usimwage. Tia kikombe kwa sufuria na kijiko cha sukari, moto mdogo, ibaki nusu. Fungua dirisha lakini, ule mvuke unapiga pua vibaya.

mkulima_njoro
Nyinyi mnateseka. Ndimu, asali ile tunanunua barabarani ukitoka Marigat, mafuta ya alizeti, dania, basi. Siki ya kusoma kama gazeti ya nini?

kijiko_cha_mbao
@mkulima_njoro ni tamu sikatai, lakini hiyo ni dresingi ya ndimu mzee wangu, yeye ameuliza ya balsamiki. Ila kwa alizeti uko sawa, haina ladha ya kupigana na siki. Zeituni ni nzuri zaidi kama iko, tu ukiweka kwa friji inaganda, itoe mapema uitikise tena.

MamaWawili_Nax
Nimerudi. Nimesoma nyuma ya chupa yangu, siki ya divai ndio ya kwanza 🙈. Nimeipika ikabaki nusu, nyumba ilinuka mpaka jirani akagonga, lakini ilipopoa ikawa nzito na tamu. Tatu kwa moja, mastadi, nikaongeza kitunguu saumu kilichopondwa. Kifungua mimba wangu amekula letasi bila kuitwa mara mbili! Sasa imebaki nusu chupa ya jemu, inakaa siku ngapi?

nyar_kibuye
Na saumu ndani? Friji mara moja, umalize kwa siku tatu nne hivi. Usiiache kwa meza.

mkulima_njoro
Na mashemeji wakirudi ufanye na kachumbari, tafadhali.