Mpangaji asipolipa, mwenye ploti afanyeje?

Ploti Mtopanga: Nina vyumba vinane. Mpangaji mmoja hajalipa tangu Ramadhani. Nikimng'olea mlango, sheria yanishika mimi. Nikienda Baraza la Kodi, lile la kesi za kodi ya nyumba, ni tarehe juu ya tarehe. Na serikali yataka asilimia 7.5 ya kodi ninayopokea, si ya faida! Choo kikijaa, juu yangu. Na huyo huyo mdaiwa, kila Ijumaa harufu ya biriani yafika barabarani. Sheria hii yamlinda nani?

Bi Majengo: Biriani imeingiaje hapa? Mpangaji asile?

Ploti Mtopanga: Ale, dada. Lakini kodi kwanza.

Mtoto wa Likoni: Bwana ploti, hiyo sheria yako ya Baraza ni Sura ya 296 ya sheria za Kenya, na ni ya nyumba za kodi ya elfu mbili kwa mwezi kushuka. Wewe wakodisha ngapi?

Ploti Mtopanga: 3,500.

Mzee Tudor: Ni 2,500, si elfu mbili. Na kwa 2,500 Mombasa hii utapata banda la kuku. Kwa hivyo Baraza halikuhusu, Ploti, kesi yako ni ya kortini. Ndiyo maana ule mswada wa 2021 ulitaka sheria zote tatu za upangaji ziwe moja. Lakini mlango hung'oi, kote kote.

Bi Majengo: Mimi niling'olewa. Deni la mwezi mmoja na nusu. Siku tatu nimetundika leso mlangoni, mtoto mchanga ndani, mbu kama mvua. Dipoziti hadi leo sijaiona, ati imeishia kwenye rangi. Rangi gani, chokaa! Na siku hizo sikupika biriani, nilikunywa chai kavu.

Ploti Mtopanga: Pole, dada. Sikukusema wewe.

Bi Majengo: Umesema wapangaji. Mimi ni nani?

Ploti Mtopanga: Nimesema mmoja!

Mtoto wa Likoni: Wangu hang'oi mlango, afunga mfereji. Wiki nzima twavizia mkokoteni wa maji, na yeye juu aosha gari.

Mzee Tudor: Hiyo nayo ni kumfukuza mtu, ila kwa adabu.

Bi Majengo: Ploti hajajibu. Umejuaje ni biriani, wachungulia masufuria ya watu?

Mtoto wa Likoni: Na ni ya kuku au ya mbuzi?

Ploti Mtopanga: Ya mbuzi. Huniletea sahani.

Bi Majengo: Nawe wala?

Ploti Mtopanga: Sasa nirudishe chakula?