Nataka kuwania MCA 2027 mara ya kwanza, wadi ya mashambani, sina pesa za kumwaga. Nianzie wapi?

mwana_lambo
Wadau habari za saa hizi. Naomba ushauri wa ukweli, matusi nitayapata kwa kampeni. Mimi ni kijana wa miaka 31, wa kaunti ya Kilifi, wadi moja kule bara Ganze, jina siitaji manake wengine humu mwanijua. Nimeamua 2027 nawania uwakilishi wadi. Sijawahi kugombea chochote zaidi ya ukatibu wa kamati ya maji, na hiyo ya maji ndiyo ilifanya watu waanze kuniambia "wewe simama", kwa sababu daftari la kioski cha maji huwa nalisoma mbele ya watu kila mwisho wa mwezi, iliyoingia, iliyonunua dizeli, iliyobaki, na watu hawajazoea kusomewa hesabu zao.

Sasa shida. Wadi ni kubwa, vijiji vimetawanyika, kutoka kimoja hadi kingine ni bodaboda na kwengine ni miguu tu. Aliyeko kitini ana gari na vijana wa kumpigia kelele. Juzi kwa matanga alitoa elfu kumi, ikatangazwa mara mbili kwa spika, mimi nimekaa nyuma na mia mbili yangu mfukoni na watu washaanza kunitazama.

Nauliza: nitafute chama au niwe mgombea huru? Hizi pesa za matanga na harambee nafanyaje? Nianze kuitisha mikutano au la? Na je uchaguzi si mpaka Agosti 10 2027, nimeanza mapema sana? Mke wangu asema tuuze ng'ombe mmoja tuchapishe fulana, mimi naona bado.

Chizi_Mwerevu
Mheshimiwa mtarajiwa shikamoo 😂 Ng'ombe muache. Fulana watavaa wakilimia na kura wampe mwingine.

ajenti_wa_zamani
Mimi nimekaa ndani ya vyumba vya kupigia kura kama ajenti, yaani mtu wa kumlindia mgombea kura, zaidi ya uchaguzi mmoja, nakwambia nilichoona kutoka huko. Kwanza sahau neno wadi. Kura huhesabiwa kituo kwa kituo, na sheria yasema kituo kimoja kisizidi wapiga kura 700. Nenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge uulize orodha ya vituo vya wadi yako na idadi ya waliojiandikisha kila kituo, halafu chukua daftari, wewe si mtu wa daftari, kila kituo ukurasa wake. Andika vijiji vinavyopigia hapo, koo gani zimekaa wapi, kanisa, msikiti, vikundi vya akina mama, stendi ya boda, na nani hasemezani na nani. Ile ya mwisho usiidharau, kuna mahali ukifikia kwa mzee fulani kwanza ushawapoteza wa ng'ambo ya mto wote.

Pili, fomu 34A, zile za matokeo ya urais za 2022, tume iliziweka kwa mtandao, kituo kwa kituo. Zile za urais ndio, lakini zinakuonyesha kituo kilikuwa na wangapi na wakajitokeza wangapi. Utakuta kituo cha watu mia nne hivi na waliokuja ni nusu. Wagombea wengi wanapigana juu ya wale waliokuja, hakuna anayeuliza wale wengine walikuwa wapi. Uliza wewe. Kuna waliokuwa Mombasa kwa kazi, kuna waliokufa hawajatolewa kwa rejista, na kuna waliokataa tu kwa sababu wamechoka kudanganywa, hao wa mwisho ndio wanaweza kukusikiliza mtu mpya.

Na ujue MCA hana duru ya pili. Mkiwa wagombea wengi, anayeongoza hata kwa kura moja amepita. Usitake kupendwa na wadi nzima.

bodaman_wa_bara
Nyinyi mnamdanganya kijana wa watu. Daftari halishindi uchaguzi. Mimi niko stendi kila siku nawabeba hao wapiga kura, wiki ya mwisho pesa inatembea usiku nyumba hadi nyumba na asubuhi watu wanaimba jina lingine. Kama huna kitu ngoja 2032.

Mama_Vikundi
@bodaman_wa_bara pesa inatembea kweli, hatukatai, lakini pia nyinyi stendi mnakula kwa kila mtu na mnampigia mnayemtaka 😅 kwa hivyo pesa inanunua nini hasa?

Kijana wangu mwana_lambo nisikize mimi niliye mama yako. Matanga usiyakimbie na usishindane. Mwanasiasa huja siku ya mazishi saa ya spika, akiongea anatafuta gari lake. Wewe nenda siku ya kwanza habari ikitoka, wakati hakuna mtu, maji hayatoshi na watoto wa marehemu hawajui waanzie wapi. Una pampu, una madebe, hakikisha ile nyumba haikosi maji mpaka wageni watawanyike. Mia mbili yako iandikishe kwa daftari la mchango kama jirani mwingine yeyote na usishike spika. Mimi nimezika watu wangu na nakumbuka nani alikaa na sisi usiku, wa bahasha nakumbuka bahasha tu. Na tafadhali usije ukafadhili disko matanga hata vijana wakikubembeleza vipi, akina mama tunajua mabinti zetu wanatoka vipi huko.

Vikundi vyetu vya akiba ukija usije saa ya kuhesabu pesa. Omba nafasi kwa mwenyekiti kabla, njoo tukishamaliza, kaa chini kwa mkeka, usikae kile kiti utakacholetewa. Siku ya kwanza usiombe kura kabisa. Uliza zahanati ina dawa, chekechea ina mwalimu, maji mnateka wapi kiangazi, andika, shukuru, ondoka. Ukirudi mara ya pili useme "mama fulani aliniambia hivi, nikaenda nikauliza, nikajibiwa hivi". Hata kama jibu ni baya. Hapo utaona watu wanasogea.

Kaka_Sheria
Naongezea upande wa makaratasi kwa sababu wengi wa mara ya kwanza huangukia hapa.

Mgombea huru wa wadi katiba inataka uungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliojiandikisha kwenye hiyo wadi, na wewe usiwe mwanachama wa chama chochote miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Angalia jina lako mapema kwa msajili wa vyama, manake 2021 Wakenya kibao waliingia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kusikia. Kama umo, jitoe kwa maandishi na uweke ushahidi. Wengine wanaona hizo sahihi 500 ni mzigo, mimi naona ni kampeni tosha, maana kila mtu aliyekupa sahihi ushaongea naye uso kwa uso. Chama nacho kinakupa rangi na kelele za wakubwa, lakini kuna mchujo, na mchujo wa vyama vyetu mnaujua, unaweza kuamka ukute cheti kina jina la mtu ambaye hakuwa hata kwa debe. Ukiniuliza mimi, pale ambapo chama kimoja kina nguvu sana jaribu mchujo, pale ambapo watu wanapigia mtu simama huru.

Ada ya tume 2022 kwa MCA ilikuwa elfu tano, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa hivyo ada sio itakayokumaliza, ni mafuta na ajenti. Kama una ajira ya serikali lazima ujiuzulu miezi sita kabla. Mkutano wa hadhara unapeleka notisi kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku tatu kabla, isizidi kumi na nne. Kipindi rasmi cha kampeni hutangazwa na tume, na 2022 mwisho wa mkutano ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Saa hii unaweza kujijulisha, kusaidia, kuuliza, hilo halina ubaya.

Na hongo usiguse. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea.

bodaman_wa_bara
Inamshika nani bana, umeona nani ameshikwa? 😂

Kaka_Sheria
Ukishinda utaona. Uliyemshinda ndiye atakupeleka kortini na video za simu.

mwana_lambo
Asanteni sana, mama hiyo ya matanga imeniingia kabisa. Kazi ya serikali sina, na chama nitaangalia leo leo. Swali lingine. Nikipita vijijini watu wananiambia vitu viwili, barabara na shule ya sekondari. Kuna kijiji watoto wanatembea mbali sana kwenda fomu wani na wazee waliniambia waziwazi "ukituahidi sekondari tumekwisha kukupa". Nisemeje? Nikisema siwezi wataenda kwa atakayesema anaweza.

karani_wa_bajeti
Usiahidi. Sekondari ni ya serikali kuu, angalia jedwali la nne la katiba. Kaunti ina chekechea, zahanati, barabara za kaunti, maji, mifugo, masoko, kilimo. Na MCA mwenyewe hajengi kitu, yeye anapitisha bajeti kwenye bunge la kaunti na anamchunga gavana. Waambie hivyo kwa lugha yao, lakini usiishie hapo manake utaonekana umekuja kuwafundisha uraia. Waambie sekondari tutaandika barua pamoja kwa mbunge na NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, nitawapigia chapa na nitaipeleka mwenyewe, nyinyi mtie sahihi. Hiyo unaweza kuifanya kesho bila kuwa na cheo.

Halafu tafuta CIDP ya kaunti, ule mpango wa miaka mitano, 2023 mpaka 2027, upekue kurasa za wadi yako. Miradi imeandikwa humo. Kila mwaka pia kaunti inatakiwa kupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Ukikuta lambo la kijiji fulani limo kwa mpango na pale mahali ni vichaka, toa kopi ya ile karatasi, nenda ukae na wazee hapo hapo penye vichaka uwasomee. Usimtukane aliyeko kitini. Soma tu, watauliza wenyewe. Ni kama unavyosoma daftari la kioski, na sidhani kuna mtu mwingine wadi hiyo anaweza kuifanya kwa uso mkavu kama wewe.

Vikao vya ushirikishwaji wa umma vya bajeti navyo huwa vitupu, wanakuja watu wa kulipwa nauli. Peleka watu wako ishirini wenye swali moja la maana.

Mama_Vikundi
@karani hapo umesema. Na barabara aulize kwanza ni ya kaunti au ni ya KeRRA, wale wa serikali kuu wa barabara za mashambani, kabla hajafungua mdomo.

mwana_lambo
Nimeelewa. Kuna vijana wengi wametimiza 18 hawana kura. Ofisi ya kujiandikisha iko mbali, nauli ya kwenda na kurudi ni kazi. Nikiwalipia boda ni hongo?

Kaka_Sheria
Hapo mimi nisingelipa mfukoni mwangu hata shilingi. Usajili endelevu ulirudi Septemba 29 2025 kwa ofisi za maeneo bunge, na kukikaribia uchaguzi tume huwa inashuka na mashine hadi wadini. Kazi yako iwe kuhakikisha wana vitambulisho ifikapo siku hiyo, wengi wanakwama hapo. Tembea nao kwa chifu.

bodaman_wa_bara
Mimi hapo naona mnajichanganya. Vijana wakienda siku ya soko wanaenda na nauli zao wenyewe, unaenda nao tu mkipiga stori. Chagua siku ya soko. Na stendi yetu ukija usitupe mafuta, ukishatoa mara moja itakuwa kila siku. Tuna shida ya leseni na NTSA, wale wa usafiri na usalama barabarani, na hakuna mheshimiwa amewahi kukaa na sisi juu ya hiyo. Hiyo ni ya bure nimekupa.

Chizi_Mwerevu
Bodaman ashageuka kampeni meneja jamani 😂😂

mwana_lambo
😂 Bodaman nitakutafuta. La mwisho wadau, ajenti. Ndugu yangu wa damu anataka awe mmoja wao, ni sawa?

ajenti_wa_zamani
Ni sawa kama hanywi na anaweza kukaa macho. Kituo kimoja ajenti mmoja, na mtu wa kituo kile kile ndiye bora, anajua sura, mgeni akija kupigia jina la marehemu anamjua. Apewe chakula na maji kutoka nyumbani ili asitoke kwenda kununua, kuhesabu kura huendelea mpaka usiku sana na watu wamesinzia, na ni wakati huo ajenti wengi hawapo. Zile zilizokataliwa adai aonyeshwe moja moja. Akimaliza asaini fomu 36A, ile ya matokeo ya MCA ya kituo, adai nakala yake, apige picha na ile iliyobandikwa mlangoni, namba zote zionekane, akutumie kabla hajapanda boda. Mtandao ukikosa, anakuja na karatasi mwenyewe usiku huo huo, asimpe mtu.