Ananipigia saa 11 alfajiri kuniombea, sasa anataka nimdhamini mkopo

mpenda_uji:
Wapendwa naombeni ushauri wa kibiblia, kichwa kinauma. Kuna kaka naimba naye kwaya, yeye anaimba besi, miaka 2 tumekuwa tunasalimiana tu bwana asifiwe basi. Ghafla mwezi huu kila siku saa 11 alfajiri simu inaita, dada nimeamshwa nikuombee, anaomba mpaka salio linakata. Nikafurahi kwa kweli. Juzi baada ya mazoezi kanitolea fomu ya mkopo milioni 3, sehemu ya mdhamini jina langu keshaliandika kwa penseli. Nitajuaje kama ni mtu wa kweli au nimelengwa?

fundi_cherehani:
Penseli 😂😂 Soma Mithali 27:14, ambarikiye rafiki yake kwa sauti kuu asubuhi na mapema inahesabiwa laana. Ulidhani Biblia haizijui simu za saa 11.

mzee_kigoda:
Usimhukumu kwa hilo peke yake mwanangu. Hata Daudi alichemka hapo. Anamkimbia mwanawe Absalomu aliyempindua, watu wake hoi, anatokea Siba na punda wawili, mikate 200, zabibu kavu, matunda, kiriba cha divai. Anaulizwa bosi wako Mefiboshethi yuko wapi, anasema kabaki Yerusalemu anausubiri ufalme wa babu yake Sauli. Palepale Daudi akampa Siba mali yote ya Mefiboshethi, ambaye ni kilema wa miguu, upande wa pili hajausikia. Vita imeisha ndo anakuja Mefiboshethi mwenyewe, miguu haijaoshwa, ndevu hazijakatwa, nguo hazijafuliwa tangu mfalme aondoke, anasema Siba kanisingizia. Mfalme akashindwa kuamua, akasema gawaneni shamba. Mefiboshethi akajibu achukue yote tu, maadam mfalme umerudi salama. Mi moyo wa mtu naanzia kuusoma hapo, kitu kikishamponyoka. Iko 2 Samweli 16 na 19.

dada_mhasibu:
Mnaenda mbali. Mithali 6 inamwambia aliyemdhamini mwenzake asilale usingizi mpaka ajinasue kama paa mkononi mwa mwindaji, na haijauliza huyo mwenzake ni mkweli au muongo. Hata awe malaika, kazi yake ikiisha benki inakuja kwako. Mwambie hapana mapema, kwa upole, kabla ya kalamu.

mpenda_uji:
Nimemwambia jana jioni. Kanyamaza kidogo akasema sawa dada hamna shida, akakunja fomu yake. Leo nimeamka mwenyewe saa 10 na nusu naitolea macho simu. Saa 11 na dk 4 ikaita! Kaomba kama kawaida, mkopo hajautaja kabisa. Sasa ndo nimechanganyikiwa zaidi jamani.

mzee_kigoda:
Hiyo siku ya kwanza. Rudi mwisho wa mwezi utuambie.

fundi_cherehani:
Hebu ulizia na wale dada wa sauti ya kwanza, wao wanapigiwa saa ngapi 😂