Kinanda hakitapigwa mkesha wa Noeli, wazee wa kigango wanakataa zeze. Naombeni ushauri

Mkulima_wa_Uwele: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kwaya, kigango kimoja upande wa Chamwino. Mwaka huu kinanda chetu hakitapigwa mkesha wa Noeli, na waumini wamezoea "Usiku Mtakatifu" baada ya komunyo. Nimependekeza tuuimbe kwa zeze na kayamba. Wazee wamekuja juu, wanasema wimbo mtakatifu hauchezewi. Nipeni hoja za kuwajibu, au wimbo mwingine unaofaa. Usingizi sina.

Ngoja_Nione: Nimeweka kambi hapa.

MzeeWaKaseti: Wimbo mwingine? Mary's Boy Child, basi! Kwetu Kizota Desemba ilikuwa haijaanza mpaka marehemu baba atoe kaseti ya Boney M kwenye mfuko wa nailoni, akaze utepe kwa kalamu ya biki, ndipo mama abandike pilau. Wengi wanadhani Boney M ndio wenye wimbo. Wao waliutoa 1978. Mtunzi ni Jester Hairston, Mmarekani mweusi, mjukuu wa watumwa, na Harry Belafonte aliurekodi 1956. Mpaka leo ukipigwa soko la Majengo nasimama.

SautiYaTatu: Mzee, jamaa hakuuliza hilo. Mleta mada, mimi nafundisha kwaya Nkuhungu. Waambie wazee wako huo wimbo haukuzaliwa na kinanda. Maneno aliyaandika padre kijana, Joseph Mohr, mwaka 1816 akiwa Mariapfarr, Austria. Tarehe 24 Desemba 1818, akiwa Oberndorf karibu na Salzburg, alimpelekea mwalimu wa shule, Franz Xaver Gruber, amtilie muziki wa sauti mbili na gitaa. Usiku huohuo wakauimba: Mohr sauti ya tatu na gitaa mkononi, Gruber besi, kwaya ikirudia mwisho wa kila ubeti. Ulianza na nyuzi. Ila kinanda chenu kina shida gani? Kama ni adapta, mafundi wapo hapa mjini.

Mkulima_wa_Uwele: Asante sana mwalimu, hii hoja ninaichukua. Kinanda kina hitilafu tu.

Mama_Zabibu: Hitilafu tu ndiyo nini, mwanangu? Fundi kasemaje? Mgonjwa haponi kwa kumficha daktari.

Mkulima_wa_Uwele: Sawa mama. Kinanda ni kizima. Mpigaji ni mdogo wangu, tumbo moja. Tumekosana kuhusu shamba aliloacha baba, na ameapa hagusi kinanda nikiwa katibu. Lakini msianze kunisema. Nimeshaongea na wazee wawili wapiga zeze, nusu ya hela yao wameshapokea na mazoezi yameanza. Sirudi nyuma. Na si hasira. Mngemwona yule mkubwa wao alivyoegemeza kibuyu tumboni, akavuta upinde polepole huku ameinamisha kichwa, akiitafuta sauti ya wimbo noti kwa noti. Alipoipata, akina mama wa sauti ya kwanza waliacha kupiga soga.

Mama_Zabibu: Mathayo 5 inasema sadaka iache madhabahuni, ukapatane kwanza na ndugu yako. Wajomba zangu waligombea mipaka ya shamba la mizabibu kule Hombolo mpaka mmoja akazikwa mwenzake hayupo. Zeze halitalifuta hilo. Mpigie simu leo.

Fuatilia_Ushahidi: Wakuu, hii ni chai. Kinanda kinagoma kabla ya Krismasi, shujaa anaokoa ibada kwa chombo cha nyuzi? Hiyo ni Oberndorf imehamishiwa Chamwino! Panya walitafuna mifuko ya hewa ya kinanda, padre akakimbilia gitaa. Kila Desemba inazunguka WhatsApp. Jamaa katoa panya, kaweka mdogo wake.

Ngoja_Nione: Duh. Lete sukari.

Mkulima_wa_Uwele: Chai? Natamani ingekuwa chai. Hiyo ya panya ndiyo naisikia leo.

SautiYaTatu: Fuatilia, chai ni hiyo ya panya. Mwaka 1854 Gruber aliandika kwa mkono wake jinsi wimbo ulivyotungwa, na panya hakuwataja, wala kinanda kibovu. Na mswada wa Mohr mwenyewe uliopatikana 1995 unaonyesha maneno aliyaandika 1816, miaka miwili kabla ya mkesha ule. Hakukurupuka. Mohr alikuwa mpiga gitaa, akaomba gitaa. Waliokuja baadaye ndio waliomtafutia udhuru, na hilo linaniudhi kila mwaka. Katibu, nawe usijifiche nyuma ya kinanda. Wakiambiwa ni hitilafu, wazee watachangishana wanunue kingine, utabaki na zeze lako. Waambie umelichagua kwa kuwa linafaa.

Mkulima_wa_Uwele: Hapo umenigusa. Mwenyekiti wa kigango naonana naye kesho, naanza na hilo la gitaa. Kayamba tuiingize wapi?

SautiYaTatu: Ubeti wa mwisho tu, tena kwa upole. Mwendo ni wa kubembeleza mtoto, kayamba ikiwahi itaugeuza ngoma ya mavuno. Zeze litangulie peke yake, kisha sauti mbili, kwaya ije mwisho.

Mama_Zabibu: Na mdogo wako?

Mkulima_wa_Uwele: Nitampigia, mama. La shamba sijui litaishaje.

Fuatilia_Ushahidi: Sawa, nimekuelewa. Ila baada ya mkesha lete video.